Mwongozo kamili: kupanga nyumba ufukweni Matema na kuangalia ndege, kuanzia ziwani hadi Kitulo

Watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe ukiwatajia bichi mawazo yanaenda Kigamboni au Zenji, wanaanza kupiga hesabu za basi la usiku kucha, wakati hapo chini tu Kyela kuna Matema, mchanga upo, maji hayana chumvi, na Milima ya Livingstone imesimama pembeni kabisa ya Ziwa Nyasa. Mimi hapa siongelei ile ya kwenda kushinda siku moja mkarudi jioni mmechoka. Naongelea kupanga nyumba nzima, mkiwa familia au washkaji, mkapika wenyewe, mkalala hapo siku tatu nne, na kama kati yenu kuna mtu anapenda ndege basi huyo ndo atafaidi kuliko wote.

Msimamo wangu nausema mapema: kwa safari hii nyumba ndo kila kitu. Ukikosea nyumba utatembea jua kali kutafuta ndege ambao mwenzako anawaangalia akiwa barazani na kikombe cha chai. Kwa hiyo sehemu ya nyumba nitaivuta kidogo, nyingine nitapita haraka.

Anza na mwezi, sio na nyumba

Kyela inapata mvua nyingi mno, zinaanza Novemba hivi na Machi mpaka Mei ndo zinamwagika haswa, mito inajaa, mashamba ya mpunga yanageuka bwawa. Miezi hiyo sikushauri kabisa labda uwe unataka kulala tu. Kuanzia Mei mwishoni mpaka Agosti mvua zinapungua lakini kuna upepo wa kusini, wenyeji wanauita mwera, unapiga ziwa lote lile la kilomita 500 na zaidi afu mawimbi yanakuja kuishia kwenu kaskazini. Unaweza kukaa vizuri tu ila mtumbwi usiutegemee.

Mimi chaguo langu ni Septemba mwishoni na Oktoba. Ziwa limetulia, barabara kavu, ndege wahamiaji wanaotoka Ulaya kama mbayuwayu na keremkerem wameanza kuingia, na huko juu kwenye hifadhi ya Kitulo mbayuwayu buluu wanakuwa wanarudi kuzaliana. Ubaya wake ni joto. Matema iko chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini ni 1,700, kwa hiyo mtu wa Uyole au Makete ajiandae, usiku wa kwanza shuka halishikiki.

Ukibanwa na likizo za shule basi Juni au Desemba, inawezekana, Desemba maembe yapo. Ila Desemba weka akilini kwamba mvua inaweza kuwafungia ndani siku nzima, bebeni karata na bao.

Kutafuta nyumba (hapa soma taratibu)

Nyumba za kupanga Matema zinapatikana kwa njia kuu tatu: mitandaoni, kupitia nyumba za kulala wageni zenyewe ambazo nyingine zina nyumba nzima pembeni, na kwa kumjua mtu. Hii ya tatu ndo inafanya kazi zaidi, mana kuna watu wa Mbeya na Dar wamejenga kule wanakuja mara moja moja, nyumba muda wote ina mlinzi tu. Uliza kazini, uliza kanisani, uliza kwenye grupu la mtaa, hautakosa mtu mwenye shemeji yake ana nyumba Matema.

Ukishapata mbili tatu, usiulize kwanza kama ina tivii. Uliza haya.

Nyumba iko upande gani, na kuna nini kati yake na maji? Ufukwe uliofyekwa kila kitu ukabaki mchanga na viti vya plastiki unapendeza kwenye picha lakini ndege pale watapita tu. Unachotaka ni nyumba yenye miti mikubwa imebaki, miembe, mikuyu, minazi, michikichi, na kama kuna kijito kinaingia ziwani karibu au kipande cha matete ndo umepata dhahabu. Matete yanabeba mnana na viota vyao, dudumizi, mdiria wale wadogo wa buluu. Mti mkubwa mkavu ukiwa karibu na maji usimruhusu mtu aukate, furukombe, yule tai mla samaki, anapenda kukaa juu kabisa pale anapoona ziwa lote.

Baraza inatazama wapi? Matema ziwa liko kusini na milima iko mashariki, sasa hii ina faida moja watu hawaijui: jua linachelewa kufika ufukweni kwa sababu lazima kwanza lipande juu ya mlima. Yaani kumekucha, mwanga upo, lakini jua lenyewe bado, hakuna mng'ao wa maji machoni, hakuna joto, ndege wanahangaika kutafuta chakula. Baraza inayotazama ziwa na yenye paa inakupa muda huo wote bure.

Kuna baa karibu? Uliza hili moja kwa moja, na uulize Jumamosi usiku inakuwaje. Spika za bichi zikifunguliwa hata bundi anahama.

Afu yale ya kawaida: neti kila kitanda na zisiwe na matundu, wavu madirishani, maji ni ya bomba au yanavutwa, simtanki lina ujazo gani, umeme ni LUKU na nani ananunua uniti, ukikatika kuna sola au jenereta, jiko ni la gesi na mtungi una kitu au la mkaa, friji inafanya kazi, sufuria zipo za kutosha watu wangapi. Feni. Narudia, feni.

Mwenye nyumba akikutumia picha, mshukuru, afu mwombe video ya leo, mlinzi atembee na simu kuanzia getini, apite ndani, atoke mpaka maji yanapogusa mchanga bila kukata. Video ya namna hiyo inaonyesha mengi, umbali wa kweli na ziwa, jirani nani, miti ipo au ilikatwa mwaka jana. Anayekataa kutuma video ya dakika mbili achana naye.

Malipo na makubaliano

Usitume hela yote. Advansi inatosha, na itumwe kwenye namba yenye jina la mtu mnayeongea naye, ukiona jina linatokea lingine uliza kabla hujabonyeza. Andikianeni kwenye meseji: tarehe za kuingia na kutoka, saa ngapi, watu wangapi, bei ni ya nyumba au ya kichwa, nani anamlipa mlinzi na anayefanya usafi, kikivunjika kitu inakuwaje. Mkigawana bei ya nyumba watu sita au nane mara nyingi inashuka chini ya vyumba vya kulala wageni, hapo ndo utamu ulipo.

Ukiweza mlipe mama mmoja wa pale awapikie mchana. Utapumzika, na yeye anajua mvuvi gani samaki wake ni wa asubuhi ile na nani anauza wa jana.

Safari ya kushuka

Kwa gari lako: Mbeya, Uyole, kata kulia kuelekea Tukuyu, pita Isyonje ambako ukungu unaweza kukufunika saa nne asubuhi, Kiwira, Tukuyu, endelea kushuka mpaka Kikusya, hapo unaacha barabara ya Kyela unashika ya Ipinda hadi Matema, kilomita 39 hivi. Mteremko ni mrefu, tumia gia ndogo, usikanyage breki muda wote mpaka zinuke. Masaa matatu mpaka manne yanatosha bila kukimbizana, na simameni Tukuyu mnunue ndizi na parachichi.

Kwa usafiri wa umma panda kosta za Kyela stendi ya Nane Nane, afu utaunganisha gari la Ipinda na Matema. Waambie mapema makonda unakoenda, watakwambia ushukie wapi upate gari haraka. Ondoka asubuhi, mana magari ya mwisho kwenda Matema hayasubiri mtu, ukichelewa ni bodaboda na mizigo mgongoni.

Anayetokea Dar anaweza kuja na treni ya TAZARA au kupanda ndege hadi Songwe, kutoka hapo ni hivyo hivyo.

Cha kubeba

Nyama na mboga za baridi, yaani kabichi, karoti, viazi mviringo, nunua Uyole, kule chini bei inapanda. Mchele usibebe, unaenda Kyela halafu unabeba mchele? Nunua Ipinda. Samaki ni wa pale pale: mbasa wa kuchoma akipatikana usijiulize, magege wa kukaanga, na usipa wa kukausha ambao hata kwa kurudi nao nyumbani ni zawadi.

Kwa ajili ya ndege: darubini ya mkononi. Ukiona imeandikwa 8x42, 8 ni mara ngapi inavuta karibu na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, hiyo ndo saizi nzuri kwa anayeanza, inaingiza mwanga wa kutosha alfajiri na haitikisiki sana mkononi. Usidanganyike na zile za sokoni zinazojitangaza zinavuta mara mia, utaona ukungu tu. Kama huna, azima, moja kwa familia inatosha mkipeana zamu. Pakua programu ya Merlin, ya kutambua ndege, kwenye simu na ushushe pakiti yenye ndege wa Tanzania ukiwa bado na waifai, kule mtandao unaweza kugoma. Daftari na penseli pia, simu ikiisha chaji daftari haliishi.

Asubuhi ya kwanza, usiende popote

Hii hatua watu wanairuka. Wanafika usiku, asubuhi wanavaa viatu wanaanza kupanda mlima. Kaa. Saa 12 alfajiri kaa barazani, nguo za rangi ya kawaida, simu kimya, usiongee, dakika kumi za kwanza usiangalie hata kwenye darubini, sikiliza tu na uone nani yuko wapi.

Utamsikia furukombe kabla ya kumuona, anarusha kichwa nyuma analia, na mara nyingi ni wawili wanajibizana. Ni tai mkubwa, kichwa, kifua na mkia vyeupe, mabawa meusi, tumbo la kahawia iliyoiva, hata mtoto wa chekechea hawezi kumkosea. Juu ya maji utaona mdiria mweusi na mweupe anapiga mabawa amesimama hewani sehemu moja, afu anadondoka kichwa chini. Mnandi, wale ndege wanaozamia samaki, wako kwenye mawe au mitumbwi wametanua mabawa, wanakausha manyoya mana yao yanalowa, ndo maana wanazama vizuri. Yangeyange na korongo wanatembea pembezoni taratibu. Mwewe wanazunguka pale wavuvi wanapotoa nyavu, na ukila barazani angalia sahani yako, sitanii.

Kuna siku utaona kule katikati ya ziwa kitu kama moshi mweusi umesimama wima, ukadhani boti inaungua. Ni vijidudu vya ziwani vimetoka majini kwa mamilioni, na mbayuwayu wakiwepo wanavifuata. Upepo ukivileta kwenu fungeni madirisha na mzime taa.

Ukimuona ndege usiyemjua usikimbilie simu. Jiulize kwanza ni mkubwa kuliko shomoro, kuliko njiwa, kuliko kunguru? Mdomo mnene, mwembamba au uliopinda? Anafanya nini, anachokoa matope, anarukaruka matawini, amekaa wima anasubiri? Rangi iwe ya mwisho, kwenye kivuli rangi inadanganya sana. Andika hayo, afu ndo ufungue Merlin, itakuuliza maswali karibu yale yale.

Siku ya pili, toka nje

Fuata kijito kwenda juu, pole pole, jua likiwa mgongoni kwako ili rangi zionekane. Matete yaliyo juu ya maji ndo mtaa wa mnana, dume anafuma kiota halafu anajining'iniza chini yake anapiga kelele mpaka jike aje kukikagua, asipokipenda jamaa anaweza kukibomoa mwenyewe aanze upya. Kwenye mti wenye panda nene kando ya mto ukiona rundo la vijiti kubwa upana wa mita na zaidi, lina tundu pembeni, hilo ni la fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kishungi nyuma ya kichwa. Usilichokonoe, na wazee wa maeneo mengi hawapendi achokozwe, heshimu tu.

Migomba na mashamba ya kakao nayo yana ndege wake, chozi wanakuja kunyonya kwenye ua la mgomba, hondohondo wanapita wakipiga kelele. Lakini yale ni mashamba ya watu. Ukikuta mtu, salimia kwanza, mzee mwamkie shikamoo, ukiweza sema "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, utaona uso unavyofunguka, na ukiondoka "ndaga fijo", asante sana. Mweleze unaangalia ndege, muonyeshe darubini, mpe aangalie. Mimi naona hapa ndo wageni wengi wanakosa, wanapita kimya na makamera makubwa mtu anabaki anajiuliza hawa wanapima viwanja? Mwenye shamba akishakuelewa atakuonyesha kiota ambacho ungepita pembeni yake bila kujua. Na kamera isielekezwe kwa watu wanaooga au kufua ziwani, kwa wao pale ni bafuni.

Sauti za ndege kwenye simu usizipige kila dakika kuwaita, hasa kipindi cha viota. Dume anaacha kazi zake anakuja kupigana na mpinzani ambaye hayupo.

Kama siku yenu ni Jumamosi nendeni mnada wa vyungu Lyulilo, ni mwendo wa miguu tu kutoka Matema. Vyungu vinatoka Ikombe, wanafinyanga akina mama wa Kikisi, vinaletwa kwa mitumbwi. Unaweza pia kwenda Ikombe kwenyewe kwa mtumbwi ukapita chini ya miamba ambako mnandi na mdiria wamejaa. Elewaneni bei kabla hamjapanda, ni ya kwenda na kurudi au kwenda tu, maboya ya kuvaa yawepo, ondokeni asubuhi na mrudi kabla upepo wa mchana haujaanza. Mwenye mtumbwi akisema leo ziwa sio zuri usibembeleze.

Maji, mbu na mamba

Ziwa Nyasa lina kichocho. Haina maana usiogelee, ina maana uchague: ogelea kwenye mchanga mtupu maji yanayopigwa na mawimbi, sio kwenye matete, sio kwenye vidimbwi vilivyotuama, mana konokono wengi wanaobeba kichocho wanakaa huko, na ukitoka jifute haraka. Midomo ya mito ikwepe kabisa, kule kuna hatari ya mamba, na anayejua wako wapi wiki hii ni mvuvi wa pale, muulize kabla watoto hawajavua viatu.

Malaria Kyela ipo ya kutosha. Sisi wa juu kwenye baridi miili yetu haijaizoea, kwa hiyo dawa ya kupaka kuanzia jioni, mikono mirefu, neti bila mjadala. Ukipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi nenda kapime na umwambie daktari ulikuwa Kyela. Matema penyewe kuna hospitali ya kanisa la Kilutheri, jua iko wapi siku ya kwanza.

Kurudi kwa kupitia Kitulo

Hapa ndo mtu wa nyanda za juu anamzidi wa Zenji. Asubuhi uko na furukombe mita 500, ukilala njiani kesho yake uko mita 2,600 na ndege wengine kabisa. Ukirudi kutoka Tukuyu, Isyonje unakata kulia unapanda Kitulo. Uliza madereva hali ya njia, mvua ikiwa imenyesha gari dogo lisijaribu.

Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa 2005, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua, ambayo yanachanua zaidi Desemba mpaka Aprili. Kwa ndege tafuta watatu. Mbayuwayu buluu, mwenye mkia wa nyuzi ndefu, anakuja kuzaliana kuanzia Septemba Oktoba, mvua zikiisha anarudi kaskazini kuelekea maeneo ya Ziwa Victoria, na duniani amebaki wachache hivyo ukimuona mwandike. Tandawala, mkubwa, anatembea kwenye majani kwa madaha, mtafute kwa darubini ukiwa umesimama sehemu iliyoinuka. Na chiriku wa Kipengere, ndege mdogo mla mbegu anayepatikana Tanzania tu, hana rangi za kujionyesha, wengi wanampita.

Kiingilio hakilipwi keshi, utapewa kontrol namba ulipe kwa simu au benki, hakikisha salio lipo kabla ya kupanda. Koti zito, sio sweta. Oktoba hiyo hiyo uliyokuwa unalilia feni kule chini, huku juu utatetemeka. Wa Iringa na Njombe hamna haja ya kurudi Mbeya, mnaweza kutokea Matamba mkashuka zile kona 57 mpaka Chimala, mkashika lami. Shukeni mchana, na vyungu vya Lyulilo vifungeni na nguo chafu katikati ya viti, kwenye buti havifiki.

Ukishafika nyumbani

Ingiza orodha yako eBird, mtandao wa kuandika ndege ulioona, ni bure, weka mahali, saa na idadi hata kama ni yangeyange watano tu, ukanda wetu hauna watu wengi wanaoandika kwa hiyo kila orodha ina kazi. Mlipe mwenye nyumba salio lake siku hiyo hiyo, mwakani atakupa tarehe unazotaka. Na kama mliogelea, baada ya wiki sita hadi kumi na mbili nendeni mkapime kichocho, sio kesho yake, mana mapema hivyo kipimo kinaweza kisione kitu na dawa yenyewe inaua minyoo iliyokomaa. Weka alamu kwenye simu kabisa, mkishazoea ofisi mtasahau.